Samaki wenye mistari mkiani kwenye mfereji wa Ruvu: ni sato au perege? Na bwawa nilizibeje wasitoroke?

MkulimaRuvuChini ameuliza:

Habari za humu wakuu. Naomba msaada kwa wanaojua samaki wa maji baridi.

Mfereji wa umwagiliaji unaochepuka kutoka mto Ruvu una samaki wa jamii ya perege ambao kwa macho hawafanani. Wengine wana mistari mkiani, wengine hawana. Pembeni ya mfereji huo kuna bwawa jipya la mita 20 kwa 15, kina mita 1.2. Bomba la kutolea maji ni la inchi 4, linaishia mferejini, na mfereji unarudi mtoni. Mpango ni kupandikiza vifaranga 900 vya sato, madume matupu.

Maswali yangu:

1. Nitajuaje yupi ni sato na yupi ni perege wa asili wa Ruvu?
2. Nikipandikiza madume matupu, hata wakitoroka si hawawezi kuzaana? Au nakosea?
3. Chujio gani linazuia vifaranga lakini halizibi kila siku?
4. Je, perege wenyewe wa huku wanafugika?

---

Tamvua amejibu:

Swali la kwanza nitalijibu kwa urefu, maana watu wengi hukosea kwa kuangalia rangi ya mwili. Rangi ya mwili hubadilika kwa tope, kwa hofu na kwa msimu wa kuzaana. Angalia mkia.

Loanisha kiganja, mlaze samaki ubavu, tandaza pezi la mkia kwa vidole viwili kama unavyofungua upepeo, kisha liinue lipitishe mwanga wa jua. Sato, Oreochromis niloticus, ana mistari myembamba ya wima iliyopangana kuanzia shina la mkia hadi ukingoni, na kila mstari unashuka kutoka juu hadi chini bila kukatika. Perege wa asili wa Ruvu, Wami na Rufiji ni Oreochromis urolepis, na mkia wake hauna mpangilio huo. Badala yake, kwa mkubwa utaona pezi la mkia limefunikwa na magamba madogo madogo. Pitisha kidole kutoka ukingoni kuelekea mwilini utayasikia. Jina lenyewe urolepis linatokana na hayo magamba ya mkia.

Dume akiwa tayari kuzaa anatoa ushahidi wa pili. Sato huwa na wekundu kichwani na chini ya koo. Perege wa Rufiji huwa mweusi, taya zake hukua na kumfanya aonekane ana mdomo mkubwa kuliko mwili unavyodai.

Usimhukumu samaki wa chini ya sentimita 8 hivi. Vifaranga wa aina zote mbili wana milia mwilini na doa jeusi kwenye pezi la mgongo, na mistari ya mkia bado haijakamilika. Hapo ndipo wauzaji wa vifaranga wanapochanganya, wengine bila hata kujua.

Yupo na wa tatu wa kumwangalia: Oreochromis leucostictus. Asili yake ni maziwa ya Albert, Edward na George. Alipandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na tangu hapo ameenea sehemu nyingi za Tanzania, mara nyingi akiwa amechanganyika na vifaranga vya sato. Huyu ni mweusi-mweusi mwenye vitone vyeupe ubavuni na kwenye mapezi.

Halafu kuna mkia usioeleweka: mistari iko nusu ya juu tu, au imekatika-katika kuwa vitone. Huyo mchukulie kuwa chotara mpaka ithibitishwe vinginevyo. Uthibitisho wa kweli ni vinasaba. Kata kipande cha pezi chenye ukubwa wa nusu sentimita, kiweke kwenye kichupa cha ethanoli ya asilimia 95 ili kizame kabisa, mpige samaki picha ya ubavu kando ya rula, na andika namba moja kwenye kichupa na kwenye picha. Tumia penseli kwa karatasi ya ndani ya kichupa, maana ethanoli inafuta wino wa kalamu. Afisa uvuvi wa halmashauri anaweza kukuunganisha na TAFIRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa uvuvi.

---

Chalinze_Kwetu amejibu:

Mkuu mimi naona tunajisumbua. Sato ni samaki wa Tanzania, yuko Victoria, yuko Tanganyika. Sasa awe mgeni vipi hapa Pwani? Na isitoshe ameshaenea mito yote. Bwawa moja la mita 20 kwa 15 litabadilisha nini?

---

BondeLaMaji amejibu:

Ndugu Chalinze_Kwetu, samaki hajui mpaka wa nchi, anajua bonde. Ruvu unamwaga Bahari ya Hindi na haujaungana na maziwa hayo. Sato ni mwenyeji Ziwa Tanganyika, hilo ni kweli. Lakini Ziwa Victoria hata huko ni mgeni, aliingizwa miaka ya 1950. Wenyeji wa Victoria ni ngege, Oreochromis esculentus, na mbiru, Oreochromis variabilis. Uvuvi wa nyavu ulikuwa umeshawapunguza, kisha akaja sato akawabana kwa chakula na mazalia, na sangara naye akaongeza. Leo ngege wa asili anatafutwa kwenye vijiziwa vya pembeni kama Kanyaboli upande wa Kenya. Jina la ngege limebaki kwenye midomo ya watu wa ziwa, ila samaki anayeitwa hivyo sokoni mara nyingi ni sato.

Tanzania ina perege wengi wa asili ambao kila mmoja ana bonde lake. Pangani ina Oreochromis pangani na Oreochromis korogwe. Ziwa Jipe lina Oreochromis jipe. Ziwa Chala, lile la kreta chini ya Kilimanjaro, lina Oreochromis hunteri ambaye hapatikani kwingine. Manyara na Eyasi kuna Oreochromis amphimelas anayestahimili maji ya magadi. Hao wote ni ndugu wa karibu wa sato, na hapo ndipo hatari ilipo: wanaweza kuzaana naye, na chotara wao wanazaa.

Hilo linajibu na swali la pili la mleta mada. Watu hudhani chotara wa samaki ni kama nyumbu, hana kizazi. Si hivyo kwa jamii hii. Na madume matupu yanakulinda wewe mfugaji, hayaulindi mto. Bwawani yanazuia vifaranga vya ziada visikudumaze samaki. Mtoni majike wapo tayari, ni majike wa perege wa asili. Dume la sato la gramu 200 likitoka kwenye bomba lako linachimba kiota chake mchangani kama sahani, linafukuza madume madogo, na majike wa perege wanakuja. Kwa mto, bwawa la madume matupu likibomoka si salama kuliko bwawa la mchanganyiko.

Halafu hayo "matupu" yenyewe si matupu. Chukua shehena nzuri yenye madume asilimia 97. Kwenye 900 una majike 27. Kila mmoja akitaga mayai 300 tu, ni mayai 8,100 kwa mzunguko mmoja, na kwa joto la maji ya Pwani jike hurudia baada ya wiki 4 hadi 6. Maji ya huku hayashuki hadi nyuzi 16 ambapo sato huacha kula. Anazaa masika, anazaa kiangazi.

Kuhusu "ameshaenea": yako maeneo mengi kashafika, nakubali. Lakini vijito vya juu ya maporomoko na vijiziwa vya pembeni visivyoungana na mto kila mwaka bado vinaweza kuwa na perege safi. Na hata pale alipofika, kila kundi jipya linaongeza damu ya sato kwenye mto. Idadi ya chotara haisimami yenyewe mahali pamoja.

---

FundiMabwawa amejibu:

Niingie kwenye swali la tatu. Samaki hutoroka kwa njia nne: bomba la kutolea, bomba la kuingizia, juu ya tuta wakati wa mvua, na siku ya kuvuna. Siku ya kuvuna ndiyo inayotoa wengi kuliko zote tatu zilizobaki.

Bomba la kutolea. Kosa la kawaida ni kufunga kipande cha chandarua kwenye mdomo wa bomba la inchi 4. Mdomo huo una eneo la sentimita 81 za mraba. Majani mawili na ute wa mwani vinaziba, maji yanapanda, mtu anachomoa wavu "asafishe mara moja", na dakika hiyo hiyo vifaranga vinapita. Unachotaka ni eneo kubwa la kuchuja. Chukua bomba la inchi 6 lenye urefu wa mita 1, ziba ncha moja kwa kifuniko, toboa matundu ya milimita 10 kila baada ya sentimita 3 kuzunguka bomba zima, kisha livishe chandarua tabaka mbili na ulikaze kwa waya au mpira wa baiskeli kila sentimita 20. Ubavu wa bomba hilo ni karibu sentimita 4,800 za mraba, yaani karibu mara 60 ya mdomo wa inchi 4. Maji yanaingia polepole kila sehemu, kwa hiyo uchafu haunyonywi kwa nguvu na chujio linadumu muda mrefu bila kuziba.

Liunganishe na bomba la inchi 4 kwa kipunguzio. Liweke juu ya matofali, sentimita 15 kutoka sakafuni, lisilale kwenye tope.

Kabla maji hayajafika mferejini, yapitishe kwenye kisanduku cha zege chenye mifereji miwili ya kuchomekea fremu. Fremu mbili za mbao zenye wavu, moja nyuma ya nyingine. Ukichomoa moja kuisafisha, nyingine inabaki. Hilo ndilo jambo ambalo wengi hawaweki, na ndilo linalookoa.

Mayai ya sato ni milimita 2 hadi 3, na kifaranga anapoanza kuogelea mwenyewe ana milimita 9 hivi lakini mwili mwembamba. Wavu wenye tundu la milimita 1 unatosha. Wavu wa kuku, hata ule mdogo, ni mapambo tu.

Bomba la kuingizia. Perege hupenda maji mapya, hujikusanya yanapoingia na hupanda bomba. Ncha ya bomba iwe juu ya maji kwa sentimita 30 ili maji yadondoke. Ivishe soksi ya chandarua ya mita 1.5. Soksi fupi inafumuka ikijaa uchafu.

Tuta. Acha sentimita 40 kati ya maji na kilele cha tuta. Mvua ya milimita 100 ikinyesha juu ya bwawa yenyewe inapandisha maji sentimita 10 tu. Kinachobomoa ni maji ya mteremko yanayoingia kutoka shambani, kwa hiyo chimba mtaro wa kuyakinga upande wa juu. Na kama alama za mafuriko ya mto, yale majani makavu yaliyonasa kwenye miti, ziko juu ya tuta lako, basi chujio lolote halina maana: mto utaingia bwawani. Mahali hapo hapafai sato kabisa.

Kuvuna. Ukikokota wavu, majike wanaoatamia mdomoni wanashtuka na kutema mayai na vifaranga. Wewe unatoa samaki wakubwa, vifaranga vinabaki kwenye sentimita 20 za mwisho za maji, na maji hayo ndiyo watu huyafungulia yote kwa pamoja kwa sababu kazi imekwisha. Mto unapokea hapo.

---

MkulimaRuvuChini:

Ahsante sana wakuu. Sasa hayo maji ya mwisho niyapeleke wapi? Bwawa zima ni mita za ujazo 360.

---

FundiMabwawa amejibu:

Yapeleke shambani, usiyapeleke mferejini. Ni maji yenye mbolea, migomba na mboga zinayapenda. Mita za ujazo 360 kwenye ekari moja ni kina cha sentimita 9, ardhi ya kichanga inayanywa. Kwenye nusu ekari ni sentimita 18, hapo gawa kwa siku 3 au 4 kwa kufungua koki nusu. Zungushia shamba kijituta cha sentimita 25 upande wa mfereji ili yasirudi. Kifaranga anayeishia kwenye udongo wa migomba hatoki.

Gharama yake ni bomba la nyongeza tu. Kata bomba lako la sasa kabla halijafika mferejini, weka koki na kiwiko, geuzia shambani. Ukilazimika kabisa kutoa maji kwenye mfereji wakati wa ufugaji, yawe ya juu tu, kupitia kile kisanduku cha fremu mbili.

Madimbwi yanayobaki sakafuni yatie chokaa hai ingali na unyevu, gramu 100 hadi 200 kwa mita ya mraba. Kwa bwawa lako ni kilo 30 hadi 60. Inapandisha pH ghafla na kuua vifaranga vilivyojificha kwenye nyayo na mashimo. Vaa glovu, miwani na kitambaa puani, simama upande upepo unakotoka, maana chokaa hai inaunguza macho. Acha sakafu ikauke hadi ipasuke-pasuke, wiki moja hadi mbili, kabla ya kujaza tena. Chokaa iliyokwisha kulainishwa ya kupaka ukuta haina nguvu hiyo, na watu huilaumu chokaa kumbe wamenunua isiyo yenyewe.

---

MamaVifaranga amejibu:

Nichangie kuhusu kununua na kuhusu swali la nne.

Muuzaji akikwambia "madume matupu", muulize kwa njia gani. Kama ni homoni, kipimo kinachotumika sana ni miligramu 60 za methyltestosterone kwa kilo ya chakula, kwa siku 21 hadi 28, kuanzia kifaranga anapoanza kula. Inashindwa kwa sababu mbili. Ya kwanza, vifaranga waliokusanywa wakiwa wakubwa mno. Ya pili, kulelewa kwenye maji ya kijani: wanashiba mwani na kula chakula chenye dawa kidogo tu. Kama ni kuchagua kwa mkono, isifanyike chini ya gramu 25 au 30. Mgeuze samaki tumbo juu, paka tone la wino wa bluu kwenye kijichuchu karibu na pezi la nyuma. Dume ana matundu mawili, jike ana matatu, na tundu la tatu ni kijimstari cha kukingama ambacho wino unakionyesha.

Siku ya kupokea, kama samaki wameshafika ukubwa huo, toa 30 bila kuchagua na ukague jinsia zao kwa wino. Majike zaidi ya wawili katika 30, rudisha. Maji ya mifuko ya usafiri nayo yamwage shambani, si mferejini, yana samaki wadogo usiowaona.

Sasa perege wa huku. Wanafugika, ndugu yangu, na wana historia kubwa kuliko wengi wanavyojua. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mtafiti C. F. Hickling kule Malacca (leo nchini Malaysia) alichanganya perege wa Msumbiji na perege waliopelekwa kutoka Zanzibar, na watoto wakatoka madume matupu bila dawa yoyote. Hao wa Zanzibar ni ndio hawa hawa, Oreochromis urolepis wa tawi la hornorum, ndugu wa perege wa Ruvu. Sababu ni kwamba jinsia zao zinapangwa kinyume: kwa sato na perege wa Msumbiji ni dume anayebeba tofauti ya jinsia, kwa hornorum ni jike. Dume la hornorum na jike la sato, watoto ni madume. Lakini inafanya kazi pale tu wazazi wote wawili ni safi. Damu ya sato ikishaingia kwa perege, majike wanaanza kutokea kwenye uzao na njia nzima inaharibika. Kwa hiyo perege safi ana faida hata kwa anayefuga sato.

Kwa ufugaji wa kawaida, perege hukua polepole kuliko sato aliyeboreshwa, hilo usidanganywe. Anakopata nguvu ni kwenye chumvi. Kama kisima chako kina maji ya munyu, kama ilivyo sehemu nyingi karibu na Bagamoyo, perege wa Rufiji anavumilia ambapo sato anaanza kudhoofu. Na akitoroka, amerudi kwao.

Wazazi wachukue kutoka bonde lako hilo hilo, mbali na mabwawa ya watu. Kagua mkia mmoja mmoja kama alivyoeleza Tamvua. Dume 1 kwa majike 2 au 3, kwenye "hapa", yaani kizimba cha chandarua ndani ya maji, ya mita 2 kwa 3. Kamata vifaranga kila baada ya wiki 2, lea kundi la kwanza hadi sentimita 10, kisha kagua mikia tena. Ikitokea hata michache yenye mistari ya wima, mmoja wa wazazi alikuwa chotara, na "hapa" nzima inavunjwa. Inauma kutupa kazi ya miezi mitatu, lakini ukiiacha utaisambaza kwa kila atakayenunua kwako.

Vifaranga vya majike vitajaa bwawani, hivyo weka kambale 1 kwa kila perege 10, lakini perege wakishafika gramu 30 na kambale akiwa mdogo kuliko wao. Kambale naye atoke bonde hilo hilo. Usiku wa mvua hutambaa, zungushia wavu wa nusu mita juu ya tuta.

---

MkulimaRuvuChini:

Nimekagua mikia kwa maelezo ya Tamvua. Samaki 22 kutoka mfereji: 13 wana mistari kamili, 5 hawana kabisa na wana magamba mkiani, 4 mistari imekatika. Bomba nitaligeuzia kwenye migomba. Sasa hawa 17 nifanyeje, niwarudishe?

---

Tamvua amejibu:

Hapana. Wenye mistari na wale wa mistari iliyokatika ni kitoweo, usiwarudishe na usimpe mtu wakiwa hai. Kabla ya kuwaweka jikoni, kata vipande vya mapezi ya wote 22, hao 5 kwa uangalifu zaidi, na uvitie kwenye ethanoli. Hao 5 warudishe mahali pale pale ulipowatoa. Andika tarehe, kina cha maji, na umbali kutoka mtoni. Ukirudia masika yakiisha, kwa wavu ule ule na saa ile ile, utajua kama hesabu ya 13, 5 na 4 inaelekea wapi.